Mizani Yenye Uso Mmoja

Mjadala wa barazani kuhusu Ghana, kakao yake, na nani anayesoma uzito

Begi ndilo lililozua maneno. Mhasibu alikuwa katoka safari, akatua barazani kwa mjomba wake, Ilala, lile begi la miraba ya nyekundu na buluu ambalo mtaani tunaliita shangazi kaja. Mjomba wake ni mwalimu wa historia aliyestaafu. Jirani yao, Bi Mkubwa, mzaliwa wa Pemba, alikuwa mkekani akichagua mchele. Mimi nilikuja kuazima kitabu, nikaishia kuazima kalamu. Majina yao nayaacha, wanavyoitana kunatosha.

MWALIMU: Unajua Afrika Magharibi begi hili linaitwaje? Ghana Must Go. Yaani, Waghana na waondoke.

BI MKUBWA: Masikini! Wamefanya nini tena?

MWALIMU: Januari 1983 serikali ya Nigeria iliwapa wageni wasio na vibali wiki mbili wawe wamehama. Waghana peke yao walikadiriwa kufika milioni moja. Kila mtu alitia alichoweza kwenye begi kama hili, akapanda lori. Kumbe mpaka wa Ghana ulikuwa umefungwa tangu 1982 ili kuzuia magendo. Wenye nchi wakakwama njiani wakisubiri wafunguliwe mlango wa kwao.

BI MKUBWA: Kwao kulikosekana nini hata wakaenda kwa watu?

MHASIBU: Uliza kilichokuwepo, Bi Mkubwa. Sarafu yao, sedi, serikali ilikuwa imeibandika 2.75 kwa dola tangu 1978, huku mtaani dola hiyohiyo ikiuzwa zaidi ya mara 20 ya hapo. Mwaka huo wa 1983 mfumuko wa bei ulipita asilimia 120. Mwalimu wa shule, fundi, muuguzi, wote waliangalia mafuta ya Nigeria wakaona huko ndiko kwenye mshahara.

MWALIMU: Weka na ukame. Moto wa porini ulipita kwenye mashamba ya kakao. Watu walikonda mpaka mifupa ya chini ya shingo ikachomoza, wakaiita mkufu wa Rawlings, kwa jina la mtawala wa siku hizo.

BI MKUBWA: Njaa nayo haikosi utani.

MHASIBU: Hapo ndipo ninapotaka kukuuliza, mjomba. Nchi hii ilipata uhuru tarehe 6 Machi 1957 ikiwa inaongoza dunia kwa kakao, na huko London ilikuwa na akiba yake ya karibu pauni milioni 200. Miaka 26 baadaye watu wake wanahesabiana mifupa. Kama si ujamaa wa Nkrumah, mtawala wake wa kwanza, ni nini?

MWALIMU: Nkrumah alipinduliwa 1966. Toka hapo mpaka 1983 wametawala wanajeshi watano na raia wawili, na wengi wao walimlaani asubuhi na jioni. Usimtoze marehemu deni la walio hai.

BI MKUBWA: Msigombane kabla sijaelewa. Hiyo kakao, mkulima alimuuzia nani?

Shilingi 72

MHASIBU: Aliiuzia Bodi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilishika ununuzi wote. Vita vilipokwisha haikuachia, na mwaka 1947 ikaunda Bodi ya Kakao. Mnunuzi mmoja, bei moja.

BI MKUBWA: Kama karafuu zetu.

MWALIMU: Kama karafuu zenu. Lakini ni haki tuseme na yaliyotangulia Bodi. Msimu wa 1937 kwenda 1938 makampuni ya Ulaya yalikula njama ya kupanga bei, na wakulima wakagoma kuuza. Kakao ilikaa majumbani kwa miezi. Bodi ilipokuja, maneno yake yalikuwa matamu: bei ya dunia ikipanda tutakuwekea, ikishuka tutakutolea.

MHASIBU: Kuwekewa waliwekewa. Kutolewa ndiko kulikokuwa na kazi. Akiba ilikaa kwenye hati za serikali ya Uingereza, mkulima wa Afrika akiwakopesha Waingereza wajenge nchi yao baada ya vita.

MWALIMU: Huo ni ukoloni. Humpati Nkrumah hapo.

MHASIBU: Nampata 1954. Tayari ni Waziri Mkuu, uhuru bado miaka mitatu. Bunge linapitisha sheria kwamba bei ya mkulima itakuwa shilingi 72 kwa mzigo wa ratili 60, na haitaguswa kwa miaka minne. Mwandishi, nipe hiyo kalamu. Tani ya Kiingereza ina ratili 2,240, ambazo ni mizigo 37 na kidogo. Zidisha kwa shilingi 72, gawa kwa 20. Mkulima anapata chini ya pauni 135 kwa tani. London, mwaka huohuo, bei ilivuka pauni 400.

Bi Mkubwa aliacha mchele.

BI MKUBWA: Theluthi moja.

MHASIBU: Theluthi moja, na hata haifiki.

BI MKUBWA: Na wenyewe wakanyamaza?

MWALIMU: Wangenyamaza vipi? Septemba ya mwaka huohuo Kumasi kulizaliwa chama cha upinzani, National Liberation Movement, kikiongozwa na Baffour Osei Akoto, mmoja wa wasemaji wa Asantehene, mfalme wa Waasante. Kulikuwa na mabomu na nyumba kuchomwa. Walidai shirikisho, maana kakao ilimea kwao na fedha zikaliwa Accra. Sasa nisikilize na mimi. Kaskazini mwa Ghana kakao haimei. Mtoto wa Tamale naye alitaka shule. Kila mwenye mkakao akila peke yake, utaita nini hapo nchi? Nkrumah alichukua kwa mwenye nacho akapeleka kwa asiye nacho. Wewe unaita wizi. Mimi naita kodi.

MHASIBU: Kodi humfuata tajiri. Huyu ni mzee mwenye eka tano na panga.

MWALIMU: Na kulikuwa na nani mwingine wa kutozwa? Viwanda havikuwepo, migodi ilikuwa ya wageni. Nchi nzima ilikuwa inaning'inia kwenye mti mmoja.

Bwawa na bei ya kutupa

MHASIBU: Haya, alichukua. Alizifanyia nini?

MWALIMU: Shule za msingi bila ada. Vyuo vikuu. Bandari ya Tema pamoja na mji wake, mahali palipokuwa na kijiji cha wavuvi. Na Akosombo, bwawa lililojengwa kuanzia 1961 hadi 1965 kwenye mto Volta. Ziwa lililotokea ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyochimbwa au kuzuiwa na binadamu duniani, kilomita za mraba kama 8,500. Mpaka leo, taa ikiwaka Accra, Akosombo ina mkono wake.

BI MKUBWA: Na waliokuwa wakikaa hapo ziwani?

MWALIMU: Watu kama 80,000. Vijiji zaidi ya 700 vilihamishwa.

MHASIBU: Mweleze Bi Mkubwa na umeme ulikokwenda, mjomba.

MWALIMU: Nitamweleza, maana hapo hoja yako ndiyo inayoumia. Bwawa lilihitaji mkopo, na wakopeshaji walitaka mteja mkubwa. Mteja akawa VALCO, kiwanda cha alumini cha Tema, asilimia 90 mali ya Kaiser na 10 ya Reynolds, zote kampuni za Kimarekani. Wakafunga bei ya umeme kwa miaka 30, bei ya chini mno. Nkrumah alidhani kiwanda kitatumia boksiti ya Ghana. Hakikutumia. Boksiti ya Awaso ilisafirishwa ghafi kwenda nje, na kiwanda kikaagiza alumina kutoka nje. Ghana ikabaki inauza umeme wa bei ya kutupa ili kuyeyusha udongo wa watu. Sasa niambie wewe, huo ni ujamaa?

MHASIBU: Ni mkataba mbovu.

MWALIMU: Ni mkataba mbovu uliosainiwa na mtu aliyezungukwa. Ulipiganiwa upya mpaka 1985 ndipo bei ikapanda.

MHASIBU: Lakini usiruke 1961, mjomba. Bajeti ya Julai mwaka ule iliwakata wafanyakazi akiba ya lazima. Septemba wafanyakazi wa reli na bandari wa Sekondi na Takoradi, ambao ndio waliombeba Nkrumah enzi za kudai uhuru, wakagoma. Viongozi wao wakawekwa ndani. Msimu wa 1964/65 wakulima walivuna zaidi ya tani 550,000, hawakuwa wamepata kuvuna hivyo, na bei ya dunia ikaporomoka kwa sababu kakao ilijaa kila ghala. Ndiyo siku ile iliyoahidiwa na Bodi tangu 1947: imeshuka, tutoleeni. Akiba hakuna, imekwisha, na juu yake kuna madeni. Bei ya mkulima ikashushwa.

MWALIMU: Siwezi kulikana hilo. Januari 22, 1966 alizindua bwawa. Februari 24 akapinduliwa akiwa safarini. Mwezi mmoja tu wa kufurahia taa zake.

BI MKUBWA: Watu walilia?

MWALIMU: Walicheza ngoma barabarani.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Muuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake, Mwalimu akamwita, na kila mmoja akapata kikombe na kipande cha kashata.

Dau la Abidjan

MHASIBU: Kuna hadithi moja inanisaidia. Aprili 1957 Nkrumah alikwenda Abidjan kumtembelea Félix Houphouët-Boigny, kiongozi wa Côte d'Ivoire, na ndipo likawekwa dau: tukutane baada ya miaka kumi tuone nani kawa mbele, wewe uliyeukimbilia uhuru na mpango wa serikali au mimi niliyebaki karibu na Ufaransa na soko. Udongo wao ni mmoja, mvua moja, kakao moja. Kumi ilipotimia, mmoja alikuwa mkimbizi Guinea na mwenzake anajenga maghorofa. Miaka ya sabini ikaisha Côte d'Ivoire imeipita Ghana kwa kakao, na mpaka leo haijashikwa.

BI MKUBWA: Huyo wa pili hakuwa na Bodi?

Mhasibu alikunywa kahawa taratibu kuliko ilivyohitaji.

MWALIMU: Jibu, mpwa wangu.

MHASIBU: Alikuwa nayo. Waliiita hazina ya kusawazisha bei.

MWALIMU: Na ilisawazisha kwenda juu tu! Ilikata tofauti ileile kati ya bei ya dunia na bei ya shambani. Ila Houphouët mwenyewe alikuwa mkulima mkubwa, alijua mti wa kakao ukikasirika hufanya nini, kwa hiyo alikata kwa adabu. Adabu ilidumu mpaka bei ya dunia ilipoanguka. 1987 nchi yake ikasimamisha kulipa madeni. Msimu wa 1989 bei ya mkulima ikakatwa nusu, na mwaka uliofuata Papa akaja kuzindua basilika la Yamoussoukro, moja ya makanisa makubwa kabisa duniani. Mwaka 2002 nchi ikaingia vitani, na ugomvi wa ardhi ya kakao ulikuwa kuni za moto huo. Dau lile nani alishinda?

MHASIBU: Ungehesabu mwaka 1967, Houphouët.

MWALIMU: Na ungehesabu 2002?

BI MKUBWA: Kwani walikuwa wakishindana nini? Mmoja kakata kwa jina la ujamaa, mmoja kwa jina la soko. Kwa mkulima kisu kilikuwa kimoja.

Safari ya usiku

Hapo ndipo Bi Mkubwa alipofungua kinywa sawasawa. Namnukuu kwa urefu, maana kila kilichosemwa baada yake kiliegemea maneno haya.

BI MKUBWA: Nyinyi mnazungumza tani. Miye nnakwambieni pishi. Karafuu huchumwa kwa mkono, mtu yuko juu ya mti na pakacha lake, mchumaji analipwa kwa pishi. Usiku nyumba nzima tunachambua, karafuu huku, makonyo huku. Asubuhi zinaanikwa majamvini, na ukiona wingu unakimbia kama mtoto wako ameanguka kisimani. Sasa baada ya kazi hiyo mnunuzi ni mmoja, serikali, na bei anaijua yeye. Sisi tulijua bei ya Mombasa. Hakuna aliyetwambia, bahari ilitwambia. Baba yangu hakuwa mwanasiasa. Hakupata kuhudhuria mkutano hata mmoja. Lakini usiku wa giza alipakia magunia chomboni, akaelekea Shimoni, Kenya, na serikali ikabidi iwe na kikosi kizima, KMKM, kazi yake iliyoandikwa kwenye jina lake ni kuzuia magendo. Wao Ghana wana bahari gani?

MHASIBU: Hawahitaji. Upande mmoja Côte d'Ivoire, upande mwingine Togo. Ni njia za msituni tu. Zamani watu walibeba kichwani, siku hizi pikipiki. Togo kuna miaka imeuza nje kakao ambayo mashamba yake yenyewe yasingeweza kuizaa.

MWALIMU: Nami nakubali jambo hili, kwa sababu namba zinanilazimisha. Kutoka zile tani 550,000 za 1965, msimu wa 1983/84 Bodi ilipokea chini ya 160,000. Ukame ulichukua zake, moto ulichukua zake, lakini miti mingine ilikuwa imeachwa mwituni kwa sababu haikulipa kupalilia. Kakao nyingine ilikuwa Abidjan.

BI MKUBWA: Basi walipiga kura.

MWALIMU: Walipiga kura kwa miguu.

MHASIBU: Na serikali ikawajibu kwa askari. Kanali Acheampong, aliyetwaa nchi 1972, alianza vizuri: akasema yentua, hatulipi, kuhusu madeni ya nje, akawaambia watu wajilishe wenyewe, na miaka miwili ya kwanza chakula kiliongezeka. Kisha akaacha noti zichapishwe kama vipeperushi. Nusu ya pili ya miaka ya sabini ikapata neno lake, kalabule: vibali vya kuagiza bidhaa vinagawiwa marafiki wa wakubwa, bei ya serikali iko kwenye karatasi, bidhaa iko chini ya meza. Juni 1979 askari vijana wakamweka madarakani Luteni Rawlings, na mwezi huohuo wakuu wa nchi watatu wa zamani wakapigwa risasi, Acheampong akiwemo. Agosti wakalilipua soko la Makola Namba Moja, Accra, kwamba mama wauzaji ndio wanaopandisha bei.

BI MKUBWA: Wameshindwa kuteremsha bei, wakateremsha soko!

Dawa chungu

MHASIBU: Ndiyo maana nasema 1983 ndiyo mwaka wa akili kurudi. Rawlings huyohuyo, aliyerudi madarakani mwisho wa 1981 kwa jina la mapinduzi ya umma, aliangalia ghala tupu akatuma watu kwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Na unajua aliyemtuma, mjomba? Kwesi Botchwey, waziri wa fedha, mwanasheria wa fikra za Marx, aliyewahi kufundisha hapahapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

MWALIMU: Namjua. Mlimani ya miaka ile ilizaa watu wa kila namna.

MHASIBU: Alisaini dawa aliyokuwa akiwafundisha wanafunzi kuikataa. Sedi ikaachiwa ishuke kutoka 2.75 mpaka zaidi ya 300 kwa dola kufikia 1990. Bei ya mkulima ikapandishwa mara kwa mara. Bodi ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 100,000 kwenye vitabu, wengine wakiwa majina tu yasiyo na mwili, wakapunguzwa. Uchumi ukaanza kukua kwa kama asilimia tano kila mwaka. Tanzania ilisaini ya kwake 1986, ikiwa imeshaiona njia ya Ghana.

MWALIMU: Na hospitali zikaanza kutoza. Wafanyakazi maelfu kwa maelfu wakarudishwa vijijini. Ilipofika 1988 wafadhili haohao wakabuni mradi maalumu wa kupunguza makali ya dawa yao. Daktari anayekupa dawa na dawa ya dawa, mwogope.

MHASIBU: Lakini kakao ilirudi. Msimu wa 2010/11 Ghana ilivuna zaidi ya tani milioni moja.

MWALIMU: Chini ya nani?

MHASIBU: Chini ya Bodi. Nakiri. Mageuzi yaliuza viwanda, yakaachia sarafu, lakini Bodi yaliipunguza tu. Mwaka 1992 kampuni binafsi zikaruhusiwa kununua kwa mkulima, ila kuuza nje kukabaki kwake, na bei ikabaki yake. Nikwambie jambo linalonitatiza mimi mwenyewe: Côte d'Ivoire ilikubali mwaka 1999 kuivunja hazina yake kama wafadhili walivyotaka. Wakulima wakaachwa mikononi mwa wanunuzi wakubwa, na mwaka 2012 serikali ikarudisha bei ya msimu. Soko huria lilijaribiwa jirani, na wenyewe hawakulitamani.

BI MKUBWA: Kwa hiyo Bodi mbaya, na bila Bodi mbaya zaidi.

MHASIBU: Ndiyo mahali nilipokwama, Bi Mkubwa.

Gunia la 2024

MWALIMU: Basi nikusaidie kukwama vizuri. Madeni yalifutwa kwa mpango wa nchi maskini miaka ya mwanzo ya 2000. Mafuta yakagunduliwa 2007, yakaanza kutoka Desemba 2010. Mara tatu chama tawala kilishindwa uchaguzi kikaondoka kwa amani, na mwaka 2025 ikawa mara ya nne. Kila benki ya Ulaya ilitaka kuikopesha Ghana. Hakuna ujamaa, hakuna Nkrumah, hakuna bunduki. Halafu?

MHASIBU: Halafu walikopa. Kila mwaka wa uchaguzi matumizi yakapaa. Tarehe 19 Desemba 2022 serikali ikatangaza kusimamisha malipo ya sehemu kubwa ya deni la nje, mfumuko wa bei ukiwa asilimia 54. Mwaka uliofuata ikasaini mkopo wa dola bilioni tatu na Shirika la Fedha, mara ya 17 tangu uhuru.

MWALIMU: Yentua. Mara ya kwanza aliisema kanali kwa kiburi, mara ya pili wizara ya fedha kwa barua. Na wenye hati za ndani nao wakaambiwa wakubali kulipwa kidogo na baadaye. Februari 2023 wastaafu walikwenda kusimama mbele ya wizara na mabango yao, na miongoni mwao alikuwa Sophia Akuffo, Jaji Mkuu wa zamani. Mtu aliyewahi kuongoza Mahakama ya Juu, yuko juani kudai fedha zake.

BI MKUBWA: Na mkulima?

MHASIBU: Hapo kaa vizuri. Gunia la kakao Ghana ni kilo 64, na tani huhesabiwa magunia 16. Septemba 2023 serikali ilitangaza sedi 1,308 kwa gunia. Tani ni sedi karibu 21,000. Dola ikiwa sedi 12 hivi, mkulima anapata kama dola 1,700. Machi 2024 bei ya dunia ikavuka dola 10,000 kwa tani.

BI MKUBWA: Moja ya sita.

MHASIBU: Afadhali 1954. Na sikiliza maajabu: tofauti ile safari hii Accra haikuila. Bodi ilikuwa imeshauza mavuno kabla hayajavunwa, kama ilivyokuwa ikifanya kila mwaka ili ipate mkopo wa kununulia, kwa wastani wa dola 2,600 hivi kwa tani. Mavuno yakaja haba, kwa ugonjwa wa miti, hali ya hewa na wachimba dhahabu. Zaidi ya tani 300,000 zilizouzwa hazikupatikana, zikasogezwa msimu unaofuata, zikidaiwa kwa bei ya zamani. Serikali ikapandisha bei ya mkulima Aprili mpaka sedi 2,070, na Septemba mpaka 3,000. Wengine hawakungoja. Maofisa wa Bodi wenyewe walisema zaidi ya theluthi ya mavuno ya msimu ule ilipita mipakani.

MWALIMU: Unaona? Zile shilingi za 1954 angalau zilijenga Akosombo. Za 2024 hazikujenga hata choo.

Mhasibu hakubisha. Alifungua simu akamwonyesha Bi Mkubwa picha: shimo la udongo mwekundu, maji ya rangi ya chai ya maziwa yametuama, ukingoni mkakao mmoja umebaki na matunda yake ya njano yamebana shinani. Ndiyo galamsey, uchimbaji wa dhahabu usio na kibali. Mwenye shamba huuza ardhi yake kwa wachimbaji mara moja, na fedha anayopata asingeipata kwa misimu mingi ya kuvundika kakao kwa majani ya migomba siku sita na kuianika juu ya vichanja vya mianzi.

BI MKUBWA: Huyu hakupeleka magunia Shimoni. Huyu kauza mpaka mti.

Uso wa pili

Jua lilikuwa linazama. Niliwaomba kila mmoja aseme neno la mwisho, kama wafanyavyo redioni, nao wakanicheka. Lakini Mwalimu aliligeukia swali kwa upande wake.

MWALIMU: Bi Mkubwa, tuseme wewe ndiye waziri kule Accra. Kuna mtoto wa Tamale hana dawati. Utaacha kuchukua?

BI MKUBWA: Nitachukua, Mwalimu. Nani kasema nisichukue? Baba yangu alikuwa akitoa zaka bila kushikiwa bunduki. Lakini nitamwambia ninachochukua ni kiasi gani, mbele yake, kabla hajachuma.

MHASIBU: Bei inatangazwa kabla ya msimu, Bi Mkubwa. Waziri hukaa mbele ya kamera akaisoma. Bei ya 2023 nayo ilitangazwa hivyohivyo.

BI MKUBWA: Wametangaza ya kununulia. Na ya kuuzia?

Mhasibu alinyamaza.

BI MKUBWA: Mwanangu, nenda dukani hapo kona. Ile mizani ya juu ya meza ina nyuso mbili. Muuzaji anausoma mshale upande wake, na miye nnausoma upande wangu. Tukigombana, tunagombana juu ya kitu tunachokiona sote. Huyo karani wa kakao anakuja shambani na mizani yake. Ina nyuso ngapi?

MHASIBU: Ya shambani, malalamiko ya kuchezewa mizani ni ya kila msimu. Ya Accra, ina uso mmoja.

MWALIMU: Kuanzia 1947.

BI MKUBWA: Basi nyie mmeshindana jioni nzima nani mwema kati ya waliosimama upande ule wenye mshale. Mzungu, Nkrumah, kanali, Marx wenu wa Mlimani, hawa wa tai. Mimi sina ugomvi na jina la mtu. Ninachotaka ni kuuona mshale.

Mwalimu aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kitabu nilichokuja kuazima. Alikifungua kwenye ukurasa wa bei za kakao, akachukua kalamu mkononi mwangu, na pembeni ya shilingi 72, penseli yake ya ujana ilipokuwa imeandika "kodi ya taifa", akaongeza alama ya kuuliza. Bi Mkubwa alikuwa amerudia mchele wake. Mhasibu alimsogezea sinia karibu na taa, aone chuya.